Mfarishi wa Mjalidi

Siku ambayo Dada Mkubwa alikuwa aje kutoa neno lake, Sindano aliswali adhuhuri, akakunja mswala, kisha akautandaza mfarishi juu ya meza ya kukatia nguo, mbele ya dirisha, akaanza kuondoa ncha za nyuzi kwa upole wa mtu anayetoa mwiba katika unyayo wa mtoto. Alikuwa ameiahidi nafsi yake kwamba wageni watakapobisha hodi saa kumi, hawatamkuta na uzi hata mmoja nguoni wala wasiwasi hata chembe usoni. Ahadi ya kwanza aliiweza.

Jina la Sindano alipewa na wateja wake, kwa wembamba wa umbo lake na kwa ulimi wake usiojua kulizunguka jambo. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mjane wa mwaka wa sita, na fundi cherehani ambaye nguo ikitoka mkononi mwake hairudi kwa malalamiko. Chumba cha mbele cha nyumba kilikuwa duka lake. Chumba cha nyuma alilala Mama, na Mama huyo hakuwa mama yake mzazi bali mama wa marehemu mumewe. Mume alipofariki, watu walitazamia kila mmoja ashike njia yake. Hakuna aliyeishika. Siku ilikwisha, ikaja nyingine, wakajikuta bado wanamimina chai katika birika moja, na neno "mkwe" likaondoka vinywani mwao lenyewe, bila ya kufukuzwa.

Mfarishi ule, shuka nzito ya tabaka tatu, vipande vya nguo juu, pamba katikati na bitana chini, Sindano aliushona kwa siri ya watu wawili: yeye na Mama. Ulikuwa na sura ya rafu ya vitabu. Mbao nne za kitambaa kizito cha drili ya kahawia zilikata upana wake wote, na juu ya kila ubao vitabu vilisimama bega kwa bega, virefu na vifupi, kimoja kimemwegemea mwenzake kama mtu aliyechoka kusubiri zamu. Kila kitabu kilionyesha mgongo wake tu, na kila mgongo ulikuwa kipande cha nguo: pamba, kitani, poplini, hariri iliyobaki katika gauni la harusi ya mtu. Migongo kumi na mmoja aliitarizi majina kwa uzi wa dhahabu, na majina hayo hayakuwa ya vitabu vyovyote vilivyopata kuandikwa. *Utepe Uliopindwa kwa Meno*. *Mtu wa Alhamisi*. *Chai Iliyopoa Tukizungumza*.

Aliyeshonewa alikuwa mjalidi, fundi wa kufunga vitabu. Kwa kuwa mtaa ule haukuwa na mwingine, kazi yake ndiyo iliyokuwa jina lake.

Walijuana kwa sababu ya msahafu. Mvua iliingia dirishani, msahafu wa Mama ukalowa, jalada likabanduka. Macho ya Mama yalikuwa yamebakiwa na mwanga wa kumjulisha mchana na usiku tu, wala hakuwa na haja ya kuusoma, kwani aliuhifadhi moyoni tangu ujana wake. Lakini alipenda uwe mapajani mwake asomapo. Sindano akaupeleka kwa Mjalidi, na baada ya wiki akaenda kuuchukua, akaufungua, akautazama kila upande, akakosa kasoro, mpaka alipofika kwenye utepe wa kuwekea alama.

"Utepe huu," alisema akiuinua kwa vidole viwili kama mkia wa panya, "nani aliyeupinda?"

"Mimi."

"Umeupinda kwa nini, kwa meno?"

Mjalidi, mtu mrefu mwenye gundi kavu kwenye kucha na miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, alimtazama kitambo kirefu. Hakuna mteja aliyewahi kumwambia hivyo. Wateja humshukuru, kisha huondoka.

"Fundi," alisema mwishowe, "mimi mtu wa karatasi."

"Basi nguo waachie wenye nguo."

Akawaachia. Alhamisi iliyofuata, baada ya alasiri, alifika dukani mwa Sindano na utepe mmoja. Alhamisi ya pili, mmoja. Ya tatu, mmoja. Mtu mwenye haraka angeleta ishirini kwa mkupuo. Mama, kutoka chumba cha nyuma, aliwahi kuuliza kwa sauti iliyokusudiwa kusikika mpaka barabarani, "Binti yangu, huyo bwana ana vitabu vingapi, hata havimaliziki?" Mjalidi aliinamisha uso, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Sindano naye akajifanya anatunga uzi, na tundu la sindano siku ile likamkataa mara nne.

Siku aliyotamka neno la ndoa hakuleta maneno marefu. Aliweka utepe mezani, akavua miwani, akasema, "Fundi, nimechoka kuleta mmoja mmoja."

Sindano alimwelewa hapo hapo. Damu ilimpanda mpaka masikioni, lakini ulimi ulikuwa ule ule. "Mimi siji peke yangu. Nina Mama."

"Sikutazamia uje peke yako."

"Watu husema hivyo, kisha hukumbuka kwamba nyumba ina vyumba."

"Nyumba yangu ina vyumba. Ina na dada." Alivaa tena miwani. "Nilibaki yatima na miaka tisa. Yeye ndiye aliyenilea, hakuolewa mpaka leo, na sababu yake ni mimi. Siwezi kuoa bila ya ridhaa yake, na wala sitaki kuweza."

Hapo ndipo lilipokwama. Dada Mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu aliyepata kunyamazisha wanafunzi mia sita kwa kukohoa tu, aliisikiliza habari yote, akauliza swali moja: "Unaoa mke, au unaoa ukoo wa marehemu?" Mjalidi, ambaye hakujua kusema uongo hata wa kupoza moyo, alilileta swali lile dukani kama lilivyo. Baada ya hapo palipita majuma ya kimya, kisha ikaja habari kwamba Dada Mkubwa atafika mwenyewe, aone kwa macho yake, aseme neno lake.

Ndiyo sababu Sindano aliwahi kuufua mfarishi jana yake, ili wanga na alama za chaki vitoke, ukabidhiwe ukiwa safi. Na sasa, mkasi mdogo mkononi, alikuwa amefika ubao wa nne, wa chini kabisa, akipitisha kiganja juu ya migongo ya vitabu, samawati, kijani, samawati tena, pale vidole vyake viliposimama vyenyewe.

Kulikuwa na kovu.

Halikuonekana vizuri, lakini liliguswa. Katika mgongo mmoja wa samawati, wanga ulipotoka, kitambaa kilikuwa kimeinua mstari mdogo wa nyuzi zilizopishana juu na chini, juu na chini, karibu karibu mno. Palitatuka, pakatililiwa kwa sindano na uzi. Na kila fundi anaujua mkono wake, kama kila mtu aujuavyo mwandiko wake hata akiuona katika barua ya miaka iliyopita. Sindano aliukumbuka uzi ule. Alikumbuka hata msumari wa mlango uliolirarua shati, kwenye kisugudi cha mkono, na mwenye shati alivyosimama amelivaa akicheka huku yeye akimtililia mwilini kwa kuwa alikuwa na haraka ya kutoka.

"Mama!" aliita. "Mama, njoo!"

Mama alikuja akishika ukuta. "Wamefika? Mbona mapema hivyo?"

"Hawajafika. Shati la marehemu liko wapi?"

Bibi kizee alisimama palipo na mwanga. "Shati lipi?"

"Mama. Shati la samawati unalolilalia chini ya mto miaka sita."

"Halipo."

"Najua halipo! Liko hapa, limeshonwa, limekuwa kitabu!" Sindano alishika kichwa. Sasa yote yalimjia. Mama ndiye aliyekuwa mchambuzi wa mabaki ya nguo. Huyatia vidoleni, akajua hii pamba, hii kitani, akayapanga mafungu, akayatia wanga, akampa mshonaji kipande kimoja kimoja huku cherehani ikikimbia. Na mshonaji aliyeshika kasi haangalii kitambaa, huangalia ukingo wake tu. "Umekosea fungu, Mama. Sikulaumu. Masalia ya samawati ni mengi, sare za shule zote zile. Lakini leo, katika siku zote, leo!"

"Nani amekosea?" Mama aliuliza, na sauti yake ikasimama wima. "Shati la mwanangu nilijue kwa vidole miaka sita, kisha nilikosee mchana mmoja? Nililikata mwenyewe."

"Ulilikata wewe? Kwa mkasi gani?"

"Wako."

"Mama, wewe huoni!"

"Mkasi unaona." Alitafuta kiti, akakaa. "Ndiyo maana kingo zake zilipinda. Siku ile uligomba ukaulaumu mkasi, ukazinyoosha. Nilikupa kipande kimegeuzwa upande wa ndani, kimekakamaa kwa wanga, nikajisemea, akigundua, tutasemezana, asipogundua, basi."

"Lakini kwa nini?"

Mama alitandaza viganja vyake magotini. "Siku uliyokuja kunambia kwamba Mjalidi amesema neno, ulifurahi kwa sauti ndogo. Nilikusikia. Ulikuwa unaipunguza furaha yako ili isiniumize. Usiku nikalitoa shati, nikalinusa. Halina harufu tena, binti yangu. Miaka mingi halina. Nilikuwa nimeshika nguo tu, na kwa kuishika nakuzuia na wewe. Nikasema, nitalitoa. Lakini sikuliridhia liwe la kufutia vumbi. Mwanangu awe miongoni mwa vitabu, hapo patamfaa." Kisha akaongeza, "Na kama huyo bwana si mtu wa kulivumilia hilo, ni heri tumjue tukiwa bado tuna nyumba yetu."

Sindano alimkumbatia, machozi yakimtiririka kwenye mtandio wa Mama. Yalikuwa machozi ya mapenzi, hakuna shaka. Lakini mapenzi hayakuufuta woga. Alifikiri juu ya Dada Mkubwa na swali lake. Alijiona akimkabidhi mwanamume zawadi ya uchumba yenye shati la mume wa kwanza ndani yake, na mbele ya mwanamke aliyekuja kutafuta kasoro. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na nusu.

"Nitakitoa," alisema. "Leo tu. Nitakihifadhi, Mama, nakuapia, nitakushonea kifuko chake."

"Wewe ndiye fundi," alijibu Mama, akageuza uso ukutani.

Sindano alishika kifumulio. Hapo akakumbuka alichokuwa anakijua toka mwanzo: mishono ya kushikiza tabaka tatu ilipita kutoka ukingo mpaka ukingo, ikavikata vitabu vyote. Kuutoa mgongo mmoja ni kulegeza ubao mzima. Akaanza hata hivyo. Alikuwa amefumua upande mmoja, urefu wa shubiri moja, na pamba imeanza kuchungulia, pale mlango ulipobishwa.

"Hodi wenyewe!"

Walimu wakuu huja kabla ya saa.

Dada Mkubwa aliingia mbele, mnene, mwenye mkoba mweusi na kiatu cha kisigino kifupi kilichohesabu kila hatua. Mjalidi alimfuata nyuma katika shati jipya ambalo mikono yake ilikuwa mirefu, na hata katika dhiki ile Sindano aliiona mikono ile ya shati, akatamani kuipunguza. Macho yao yalikutana juu ya bega la Dada Mkubwa. Yake yaliuliza, *u mzima?* Ya Sindano yalikimbilia sakafuni.

"Shikamoo, Mama," Dada Mkubwa alimwamkia kikongwe kwanza, na Sindano akamhesabia hilo.

"Marahaba, Mwalimu. Karibu ukae. Nimesikia hatua zako nikajipanga mstari."

Mjalidi alikohoa kuzuia kicheko. Dada Mkubwa hakucheka, ila pembe ya mdomo wake ilisogea kidogo. Kisha macho yake yakaanguka mezani, na Sindano akajua kwamba amechelewa kuukunja.

"Na hii ni kazi ya nani?"

"Yangu, Dada. Ni..." Alivuta pumzi. "Ni zawadi ya Mjalidi. Nilitaka nimkabidhi leo."

Mjalidi alisogea mezani kama mtu aendeye jambo asilolisadiki. Aliona mbao, akaona vitabu. Akainama akasoma, midomo ikicheza bila ya sauti, na alipofika *Utepe Uliopindwa kwa Meno* alicheka peke yake kicheko kifupi, kisha akavua miwani akaifuta, ijapokuwa haikuwa na ukungu. "Fundi," alisema. Hilo tu. Lakini alilisema kwa namna ambayo mwanamke hupenda kuitwa mara moja katika umri wake, na Sindano, kwa dakika moja ile, alisahau kila kitu.

Dada Mkubwa hakusahau. Alikuwa amesahihisha madaftari miaka thelathini na minne, na jicho lake lilikwenda penye kosa kama nzi aendavyo penye asali.

"Mbona hapa pamefumuliwa?"

Jibu jepesi lilikuwa pale pale, mdomoni: mshono ulikwenda upande, Dada, nilikuwa naurekebisha. Kila fundi amewahi kulisema, na lingeaminika. Sindano alimtazama Mjalidi, mtu ambaye hakujua kusema uongo hata wa kupoza moyo, akaona hawezi kuanza naye maisha kwa jibu lile.

"Kipande hicho ni cha shati la marehemu mume wangu," alisema. "Kiliingia nami sijui. Nimegundua leo mchana. Mlipokuwa mnabisha hodi, nilikuwa nakitoa."

"Kiliingia!" Dada Mkubwa aliweka mkoba chini. "Nguo huingia yenyewe?"

"Nilikitia mimi," alisema Mama.

"Aa. Basi nilisema mimi." Alimgeukia mdogo wake, na sauti yake haikuwa ya ukali tena, ilikuwa ya mtu aliyeumia kwa niaba ya mwingine. "Nilikuuliza, hukujibu. Utajifunika nguo ya mume wa mtu. Utakula na mama wa mume wa mtu. Na wewe, mdogo wangu, katika nyumba hiyo utakuwa nani?"

Uso wa Mjalidi ulikuwa umepoteza kile kicheko, na Sindano aliona pigo limefika, limempata mahali penye nyama. Mjalidi aliweka kidole juu ya kovu la nyuzi.

"Ulipokuwa ukikitoa," aliuliza bila ya kuinua macho, "ulikuwa unakitoa kwa sababu hukitaki, au kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu ya woga," alisema Sindano. "Nilimpenda, Mjalidi. Sikudanganyi. Alikuwa mtu mwema na nilimlilia. Na wewe nakupenda, wala sikupendi kwa mabaki. Lakini niliogopa utaona kipande hiki kimoja, usione vingine vyote."

"Mimi?" Aliinua macho. "Mimi mtu wa kazi gani, Fundi? Watu huniletea vitabu vilivyokwisha kusomwa. Sijapata kuletewa kitabu nikakuta ukurasa wa kwanza haujaguswa. Nikiona jina la mtu limeandikwa ndani, la mwenye kitabu wa zamani, unadhani huwa nalichana?" Alitia mkono mfukoni mwa shati lake jipya, akatoa sindano nene iliyochomekwa katika kipande cha ngozi, na kibunda cha uzi uliopakwa nta. "Niazime kiti."

"Unataka kufanya nini?"

"Kufunga ulichofumua."

"Kwa uzi huo? Mjalidi, huo ni uzi wa vitabu! Utatoboa pamba yangu!"

"Fundi, kaa."

Akakaa. Mjalidi alivuta kiti, akarudisha pamba ndani kwa ncha ya kidole, akalaza ukingo wa samawati juu ya mwenzake, akaanza kushona. Alishona kama ashonavyo kurasa, kwa mishono mirefu yenye kifundo kila baada ya hatua, mshono wa kudumu miaka mia na usio na uzuri hata kidogo. Sindano aliutazama kama mtu anayetazama mgeni akimwaga chai juu ya zulia.

"Unakwenda upande."

"Naona."

"Vuta uzi, usikaze. Utakunja."

"Fundi, nani anayeshona?"

"Swali zuri. Nami najiuliza."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Na Dada Mkubwa, aliyekuwa amesimama muda wote huo, alikaa taratibu kando ya Mama, kama mtu ambaye miguu yake imepata habari kabla ya kichwa. Alimtazama mdogo wake, mgongo umeinama, miwani imeshuka puani, ameshika nguo ya mtu asiyemjua kwa adabu ile aliyomfundisha yeye mwenyewe.

"Anashona hivyo hivyo tangu utotoni," alisema kwa sauti ya chini. "Vifungo vyake alivishona mwenyewe. Alikataa nimshonee."

"Watoto wetu," alisema Mama.

"Si mwanangu."

"Ni nani basi?"

Mama alinyoosha mkono, akautafuta mkono wake, akaupata. "Mwalimu, nikuulize kitu, usinikasirikie. Ni mimi unayenikataa, au unaogopa nyumba ikijaa, wewe utabaki bila ya mahali?"

Kile kikohozi cha kunyamazisha watu mia sita kilikuja, kikakatikia njiani. "Jioni mdogo wangu hunisomea gazeti," alisema mwishowe. "Macho yangu ninayo, ningeweza kusoma mwenyewe. Ila hunisomea."

"Nami jioni nahitaji wa kunisomea, tena mimi sina macho hata ya kujisingizia. Tutakaa pamoja. Atasoma mara moja, tutasikia wawili. Hutapungukiwa na kitu."

"Nawe hupendi habari za nini?"

"Michezo."

"Hata mimi siziwezi," alisema Dada Mkubwa, na kwa mara ya kwanza alicheka, kicheko kizito, kilichokaa kwa muda mrefu bila ya kutumika. Hakuuachia mkono wa Mama. Alisema, akimwambia mdogo wake lakini akitazama dirishani, "Kile chumba cha uani umekijaza makaratasi. Utayatoa. Mama atahitaji dirisha la upande wa jua."

Sindano hakuthubutu kusogea. Mjalidi alipiga kifundo cha mwisho, akakata uzi, kwa meno, akaona anavyotazamwa, akaona haya. Ubao wa nne ulikuwa mzima. Katikati yake mshono mnene wa nta ulisimama kama mgeni mrefu miongoni mwa wenyeji wafupi, na Sindano, aliyekuwa tayari kuupiga vita, alijikuta akiupitishia kidole, akarudia, akarudia tena. Kidole cha Mjalidi kilikuwa bado pale. Hakuna aliyekiondoa chake.

"Mbaya," alisema Sindano polepole.

"Sana," alikubali Mjalidi.

"Usiuguse. Uache hivyo hivyo."

"Nyinyi wawili," Dada Mkubwa alisema akiinuka, "bado mko mbele ya wakubwa zenu." Akaushika mfarishi ukingoni, akaanza kuupima kwa mkono wake, kutoka kisugudi mpaka ncha ya kidole, kama alivyokuwa akipima mapazia ya ofisi. Mkono mmoja, wa pili, wa tatu. Akafika wa tano, akasimama.

"Kitanda chako, mdogo wangu, upana wake ni mikono miwili."

"Ndiyo, Dada."

"Huu ni mitano." Alimgeukia Sindano. "Na mtaa mzima unasema fundi huyu hakosei vipimo. Uliukata lini, bibie?"

Sindano aliinamisha kichwa. "Sasa miezi minane."

"Na huyu alitamka neno lini?"

Mjalidi alianza kuhesabu miezi kwa vidole, akafika mitatu, akaacha. Aligeuka akamtazama Sindano kwa mshangao mkubwa, ulioanza kuchanua usoni mwake kidogo kidogo mpaka ukafika masikioni, na Sindano, mwenye ulimi usiojua kulizunguka jambo, aliufunika uso wake kwa kona ya mfarishi.

Dada Mkubwa aliukunja mfarishi mara mbili, akaukunja tena, akaupakata kifuani kwa mikono yote miwili.

"Kesho asubuhi," alimwambia mdogo wake, "kabla hujafungua duka, pita kwa seremala."